Siku Nzomo Alipotoka Nje

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Tawa, jamaa mliotoka Migwani asubuhi na mapema, wageni wetu wa Kiboko, na nyinyi mashabiki wa timu zote sita ambao leo, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, mmekaa chini ya hema moja bila kubishana, nawasalimu. Mimi ni Kaluki Kitheka, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yangu. Walitafuta mtu mwenye sauti laini wakamkosa, kwa hivyo mtanivumilia.

Evanson Nzomo Kitheka alizaliwa tarehe 12 Machi 1967 huko Migwani, Kitui, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Kitheka Musyoka na marehemu Mama Mbula Kitheka. Mwaitu, yaani mama yetu, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kuongea, lakini alipoanza hakuna mwingine aliyepata nafasi nyumbani, na nyinyi mliokaa naye kwenye veranda yake mnajua mama hakudanganya.

Alianza masomo mwaka 1975 katika shule ya msingi pale Migwani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981 na kupita vizuri, akajiunga na sekondari mwaka uliofuata, lakini mwaka 1984, ukame ulipomaliza ng'ombe na mbuzi wa baba, aliacha shule akiwa kidato cha tatu ili sisi wadogo tupate kula. Jambo hilo hakulitaja hata siku moja. Ninalitaja mimi, kwa sababu nilikula.

Mwaka 1986 alipata kibarua Kiboko, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kazi ya kufukuza ndege kwenye mtama wa majaribio, na jioni akawa anajifunza kushona kwa fundi mmoja wa hapo barabarani, hadi mwaka 1991 alipohamia hapa Tawa na cherehani yake na kukodi veranda sokoni. Sidhani kuna mtu mzima hapa aliyesomea Tawa bila kuvaa kaptula ya Nzomo, na zote zilikuwa kubwa, alizishona hivyo makusudi ili mzazi asirudi dukani kabla ya miaka mitatu.

Katika veranda hiyo ndipo alipofika Esther Ndunge, amebeba joho la kwaya lililokuwa refu, na joho hilo lilikaa kwa fundi muda mrefu kuliko joho lolote lililowahi kupunguzwa Tawa. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua uchumba kwa mila yetu, walipelekwa kwa kina Ndunge mwaka 1994, na tarehe 19 Agosti 1995 wakafunga ndoa katika kanisa hili hili. Mungu akawajalia watoto watatu, Daniel Kitheka aliyezaliwa mwaka 1996 na kupewa jina la baba yetu, Mbula aliyezaliwa mwaka 1999, na Nzisa wa mwaka 2004. Ndunge, wifi yangu, umemtunza ndugu yetu vizuri, na sisi wa Migwani tunakushukuru mbele ya watu hawa.

Sasa nifike kwenye mpira, maana nikiuruka nusu yenu mtaenda nyumbani. Kwa wageni wasiojua, makanisa yetu ya Kitui na Makueni yana mashindano ya Krismasi, na ili timu moja isijikusanyie vijana wote wazuri, kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba wawakilishi na mashabiki hukutana ndani ya kanisa hili, majina ya vijana waliomaliza kidato cha nne yakasomwa, na timu zikachagua kwa zamu, ile iliyoshika mkia mwaka uliopita ikitangulia. Kijana akichukuliwa na timu ya mbali huenda kulala kwa muumini wa huko hadi mashindano yaishe, na kabla ya jioni ya siku hiyo timu zinaruhusiwa kubadilishana wachezaji.

Kuanzia Oktoba, veranda ya Nzomo haikuwa na nafasi ya mteja. Huyu anasema winga wa Migwani ana mbio lakini hana akili, yule anasema tuwaachie Kiboko mastraika wawili watupe beki wao, mwingine anataka fainali ihamishwe, mwingine anatishia kumpiga anayetaka fainali ihamishwe, na marehemu, mguu ukikanyaga cherehani na pini zikiwa mdomoni, akawaacha wachoke kwanza, kisha akatoa pini na kutaja jina moja, na jina hilo ndilo lililochukuliwa. Alikosea pia, mwaka 2007 alitupatia kipa aliyeogopa mpira, lakini hilo mlimsamehe.

Mwaka 2009 mzee mmoja wa kanisa, nisimtaje kwa sababu ameketi mbele yangu, alimpigia debe mwanawe hadi Tawa ikamchagua wa kwanza, na kijana mwenyewe akaja kutuambia baadaye kwamba alichotaka yeye ni kupiga kinanda. Baada ya aibu hiyo marehemu ndiye aliyeleta sheria, kwamba mzazi asimsemee mtoto wake, na jina la mtoto likisomwa mzazi atoke nje hadi achaguliwe. Mliipigia kura nyote na ikapita.

Tarehe 6 Desemba 2014 lilisomwa jina la Daniel Kitheka Nzomo, kijana wa miaka kumi na minane, mguu wa kushoto. Kanisa zima likamgeukia baba yake, kama mlivyozoea, na marehemu akachukua kofia yake, akatoka, akaenda kusimama karibu na tangi la maji. Alikuwa anatii sheria yake mwenyewe. Waliobaki ndani waliijua sheria hiyo, lakini walikuwa wamezoea kuchagua kwa mdomo wa Nzomo hivi kwamba hata kimya chake walikichukua kuwa jibu, na mmoja wenu akasema kwa sauti, "Kama babake mwenyewe hana la kusema, huyo ni wa kazi gani?" Zamu zikapita, majina mengine yakaisha, Kitheka akabaki peke yake, Tawa wakamchukua kwa huruma, na kabla ya jioni wakampeleka Kiboko, wao wakapewa kipa wa akiba pamoja na nyavu za goli. Kijana alikuwa ameketi benchi la nyuma akisikia yote. Nyavu zenyewe zilikuwa zimetoboka.

Alienda Kiboko akapokewa nyumbani kwa Mzee Ndegwa, mfanyabiashara aliyetoka Nyeri miaka mingi iliyopita na ambaye ndiye mlezi wa timu ya huko, na mashindano yalipoisha hakurudi. Mzee Ndegwa alimpa kazi katika duka lake la vifaa vya ujenzi, na baadaye Kitheka akamwoa Ciku, binti wa ndugu ya mzee, msichana ambaye familia yetu inampenda. Lakini kwa simu alimwambia mama yake kwamba baba aliona hafai, na kwa kuwa hakutaka kusema uongo kanisani, akatoka nje. Ndunge alipomfikishia mumewe maneno hayo alijibiwa kwamba sheria ni sheria. Mimi nilimwambia aende amweleze mtoto, tena nilimwambia kwa hasira, akaniambia, "Kaluki, nikimwambia sasa atafikiri namfariji. Wacha miguu yake imwambie." Nilimwita kichwa ngumu, na leo akiwa amelala hapa bado nasema alikuwa kichwa ngumu, Mungu anisamehe. Salamu kati ya baba na mwana zikawa zinapitia kwa Ndunge, miaka ikaenda, na mama wa watu akalia peke yake jikoni.

Mwaka 2019 Mzee Ndegwa aliahidi uwanja wenye ua na maji kama fainali zingehamia Kiboko kabisa. Watu wa Tawa mlikasirika, mkasema mashindano yalizaliwa hapa na yatazikwa hapa, mkamtegemea Nzomo apinge, naye akasimama na kuunga mkono Kiboko. Mlimwita msaliti, na wengine wenu mkapeleka nguo zenu kwa fundi mwingine. Hakujitetea. Niwaambie sasa sababu yake, kwa kuwa aliniambia mimi peke yangu: mashindano yakiwa Kiboko, angekuwa na safari kila Desemba bila kuulizwa anaenda kumwona nani. Mwaka wa korona hakukuwa na mpira, lakini kuanzia 2021 alienda kila mwaka, akasimama kando ya uwanja upande wa winga wa kushoto wa Kiboko, anakocheza Kitheka, na kipindi cha pili, timu zikibadilisha magoli, akazunguka uwanja mzima na kusimama upande ule mwingine. Kitheka alimwona, wakapeana mikono, akaambiwa mama anakusalimu, naye akadhani baba amefuata fainali kama watu wote.

Mwezi Februari 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, akapimwa, ikagundulika kwamba figo zake zimechoka, na tangu hapo akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa kule Wote, akienda na kurudi na Ndunge bila kulalamika, isipokuwa kuhusu redio ya wodini ambayo haikushika matangazo ya mpira. Desemba iliyopita alisafiri Kiboko akiwa na fimbo. Jumapili tarehe 12 Oktoba 2025 nilikaa naye wodini, akaanza kunieleza habari za mwanawe bila kuulizwa, akaongea hadi muuguzi akamwomba apumzike, nami nikamwambia maneno hayo si yangu, ayapeleke kwa mwenyewe. Akasema Kitheka atakuja Jumamosi na Ciku pamoja na mtoto wao mdogo, ambaye kwa mila amepewa jina la Nzomo, na kwamba siku hiyo atamwambia yote. Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa nane mchana, ndugu yangu akaaga dunia. Jumamosi Kitheka alifika na mtoto mkononi, akatukuta tunapanga mazishi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wote waliomhudumia kwa upole, mafundi wenzake wa soko la Tawa waliomalizia sare alizoziacha zimekatwa, majirani mliolala hapa nasi kila siku, mchungaji na kina mama wa kanisa, Mzee Ndegwa na watu wa Kiboko, na mashabiki nyote, hata mliomwita msaliti, kwa sababu nanyi mmekuja kuchimba kaburi.

Limebaki jambo moja, na sikulisema kwa simu wala jikoni, kwa sababu waliokuwa kanisani siku ile wako hapa. Kijana alinyamaziwa mbele ya watu, basi asemewe mbele ya watu. Sheria inamfunga mzazi, shangazi haimfungi, nimewauliza wazee. Haya ni maneno ya Nzomo kama alivyoyasema kitandani: kwamba katika miaka yote ya kuchagua vijana hakuona mguu wa kushoto kama wa Kitheka, kwamba mtoto huyu huinua macho kabla mpira haujamfikia, kwamba akipigwa teke huamka bila kumtazama refa, na kwamba siku ile, akiwa amesimama pale kwenye tangi, alikuwa akimwomba Mungu timu ya kwanza imchukue, kwa sababu yeye angemchukua wa kwanza, kabla ya kijana mwingine yeyote, na angemchukua hivyo hata kama hangekuwa wake.

Daniel Kitheka, simama watu wakuone.

Na wewe Nzomo, ndugu yangu, pumzika kwa amani, ameshasikia.