Bi Verlene Mabry na Jedwali la Shule Tano

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Kama umeshafika kazini, usizime gari kwanza. Kaa nami kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Verlene Mabry, dereva wa basi la shule namba thelathini na nne. Amefariki Jumapili, nyumbani kwake Mtaa wa Gin, akiwa na miaka sabini na sita. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Bi Verlene Mabry, basi namba thelathini na nne. Alituendesha miaka thelathini na mmoja. Nami Nadine Pettway, mnayenisikia hapa kila asubuhi, nilikuwa abiria wake.

Mnalikumbuka jedwali la Agosti. Kaunti yetu ina sekondari tano za umma, na kila Agosti gazeti lilizipanga kutoka ya kwanza hadi ya tano, kwa alama za mitihani. Ridgemont, kule juu ziwani, ilikuwa ya kwanza. Bascom, shule yetu huku chini penye kiwanda cha pamba kilichofungwa, ilikuwa ya tano. Mwaka huu ya tano, mwaka ujao ya tano. Watu walinunua nyumba kwa jedwali lile. Watu walichumbiana kwa jedwali lile, na msinicheke, mnajijua.

Bi Verlene alilikata akalibandika kwenye friji. Mtoto wake wa pekee, Dorinda, alikuwa shoga yangu. Tuligawana kiti cha tatu kwenye basi la mama yake tangu chekechea. Siku moja akaniambia, "Mama analisoma lile kuliko Biblia." Nilidhani ni utani.

Tulipofika umri wa sekondari, Dorinda hakupanda basi. Mnajua sheria yetu: mtoto husoma shule ya mtaa anaoishi. Bi Verlene alikuwa amechukua bili ya umeme ya dada yake, Bi Oleta, anayekaa ziwani, akaipeleka Ridgemont, akasema wanaishi pale. Kila alfajiri alimshusha Dorinda kwa Bi Oleta. Kisha akageuza, akaja kutuchukua sisi, akatupeleka Bascom.

Wasikilizaji wapendwa, mimi niliumia. Nusu ya kiti chetu ilikuwa tupu. Asubuhi moja nikasimama katikati ya basi nikapaza sauti: "Bi Verlene, kama Bascom inatufaa sisi, mbona haimfai Dorinda?"

Basi zima likalipuka kwa kelele. "Mjibu, Bi Verlene! Leo umepatikana!"

Aliniangalia kwenye kile kioo kikubwa cha juu. Akasema, "Kaa chini, Nadine. Basi linatembea."

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, mtu alipeleka maneno ofisi ya elimu ya kaunti. Bwana mmoja mwenye kamera akakaa ndani ya gari Mtaa wa Gin asubuhi tatu, akimpiga picha Dorinda akitoka nyumbani. Dorinda akaondolewa Ridgemont wiki ile ile ya sherehe ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani, gauni lake la dansi limeshanunuliwa, linaning'inia mlangoni na bei yake. Jumatatu akapanda basi la mama yake. Hakuna aliyecheka. Nilisogea, akakaa.

Mama yake hakuongea naye. Au tuseme yeye hakuongea na mama yake. Dorinda mwenyewe ameniambia juzi: "Mpaka Krismasi nilikuwa nasema 'nipe chumvi' tu, na siku nyingine nilikula bila chumvi."

Lakini baada ya Krismasi akafungua mdomo. "Mama, Ridgemont nilikaa mwaka mzima na zaidi, hakuna mwalimu aliyejua jina langu. Hapa hadubini ni moja kwa watu sita. Lakini Bwana Ticknor wa sayansi hunisubiri mpaka saa kumi na moja jioni. Sasa niambie wewe, shule nzuri ni ipi?"

Bi Verlene akaamua kulitafuta jibu.

Ninyi mliowahi kuendesha mabasi mnajua. Ukipeleka timu kucheza shule nyingine, unangoja saa tatu nzima. Madereva hulaza viti wakakoroma. Bi Verlene hakulala tena. Aliingia ndani na daftari, akidai anatafuta choo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliandika walimu wangapi wameondoka kabla ya Krismasi, mshauri mmoja wa masomo ana wanafunzi wangapi, vyoo gani vina milango. Aliwauliza watoto nani ameruhusiwa hesabu ya juu, na nani ameambiwa asijisumbue. Shule zote tano. Miaka kumi na saba.

Akagundua jambo. Watoto wa mitaa ya chini waliokuwa Ridgemont walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao wa Bascom. Ila Ridgemont walikuwa wachache, wakamezwa na alama za wengine. Jedwali la gazeti lisingeweza kuwaonyesha.

Kisha bodi ya elimu ikataka kuifunga Bascom. Sababu? Ya tano. Ukumbi ulijaa hadi nje. Kila mwananchi ana dakika tatu za kusema, na kuna ile taa mezani: kijani, njano, nyekundu. Bi Verlene alisimama na daftari kifuani. Sote tulijua amekuja kuwafundisha kazi.

Hakulifungua. Alisema hivi, na kanda ninayo hapa: "Naitwa Verlene Mabry. Nilidanganya anwani ili mtoto wangu asisome Bascom. Niliwapeleka watoto wenu kila asubuhi mahali nilipomkataza wangu. Mtoto mmoja aliniuliza mbona, nikamwambia akae chini. Niliwadharau, na mlikuwa mkinipikia nikiugua. Naomba radhi."

Kisha akalia. Alitafuta leso mkobani, taa ikawa njano. Akapenga kamasi, ikawa nyekundu.

"Muda wako umekwisha, mama," akasema mwenyekiti.

Daftari lilikuwa bado limefungwa. Na sheria ni sheria: huwezi kumpa mwenzako dakika zako.

Ndipo Dorinda akatoka nyuma, mtu mzima sasa, nesi, bado na sare ya kazini. Akalichukua daftari mikononi mwa mama yake. "Naitwa Dorinda Mabry. Nina dakika tatu zangu." Akasoma. Taa ilipowaka nyekundu akampa Bwana Ticknor, naye akasoma ukurasa wake. Akaja Bi Oleta: "Mimi ndiye mwenye ile bili ya umeme." Hata mwenyekiti alicheka. Watu kumi na tisa walisoma daftari lile, ukurasa kwa ukurasa, mpaka likaisha. Kura zikawa nne kwa tatu. Bascom ikabaki.

Agosti iliyofuata Bascom ilikuwa ya tano tena. Bi Verlene akalibandika jedwali kwenye friji, na daftari akalitundika juu yake.

Mimi usiku ule wa mkutano nilikuwa pale na kinasa sauti cha redio hii. Watu kumi na tisa walisimama. Mimi sikusimama.

Februari mwaka huu nilimpelekea pai ya viazi vitamu. Alikuwa amekonda. Nikamwambia, "Bi Verlene, yaliyopelekwa ofisini mwaka ule, niliyapeleka mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nadine, nilijua siku ile ile. Ulipanda, ukaangalia kioo, ukainamisha kichwa. Dereva huona kila kitu."

"Na bado ulinisubiri kila nilipochelewa?"

"Ulikuwa abiria wangu. Na swali lako lilikuwa la haki. Mimi na wewe tumeshamaliza, mwanangu. Dorinda ndiye hajui. Na usimwambie kwa kunong'ona jikoni. Mimi yangu niliyasema mbele ya kaunti nzima."

Basi nimeyasema. Dorinda, jana nilikuomba usikilize leo, ukauliza kuna nini. Ni hilo. Niliona wivu, nikakuuza. Nakuomba radhi mbele ya kaunti nzima.

Wasikilizaji wapendwa, poleni familia ya Mabry, pole Bi Oleta, poleni madereva wote. Kila mmoja wetu ana jedwali lake la kupangia watu. Leo hii litazame, ujiulize nani umemweka wa tano, na kama umewahi kuingia ndani ya mlango wake.

Maziko ni kesho saa tano asubuhi, kanisa la Mtaa wa Gin. Dorinda, nitakuwa benchi la tatu. Nitakaa pembeni kabisa. Ukija, nitasogea.