Mji Mkuu wa Silesia

Ndani ya basi la mtaa wa Al Sadd, huko ughaibuni, Silvesta, mlinzi aliyekwisha kuacha kazi, alikuwa akiikariri Polandi nzima kwa ajili ya usaili wa visa ubalozini. "Dada, nishikie orodha uniulize," alimwambia Mumbua, muuguzi aliyeketi kando yake. Mikoa kumi na sita, miji mikuu yote, kosa hata moja hakuna. Wapolandi wenyewe hawana bidii hiyo.

"Na wewe unaenda mkoa gani?"

"Silesia, kiwanda cha kuku. Kibali cha kazi hiki hapa, nimeuziwa na ajenti, kimepigwa mhuri na gavana wa huko."

Mumbua alikisoma polepole, kama anayesoma majibu ya maabara. "Mbona mhuri unasema mji mkuu wa Silesia ni Gdansk? Umeniambia sasa hivi ni Katowice."

Uso wa Silvesta ukasawijika. "Labda wamehamisha."

"Mji mkuu hauhamishwi kama godoro, kaka. Ajenti amekuuzia uongo."

"Khalas, basi, usimalizie. Kesho natolewa kwenye nyumba ya kampuni."

Basi likasimama mbele ya ubalozi. "Sasa wakiniuliza," Silvesta akasema, tai imemkaba, "nijibu ninachojua au nijibu cha karatasi?"

Mumbua akavuta magoti ili Silvesta apite.