Bloku ya Mzee Thuo

Pale Merigi, nje ya banda ya Mosoti fundi wa pikipiki, kuna benchi moja ya mbao, na kando yake Jecinta anauza chai. Chai nzito ya maziwa na tangawizi, mtu akiketi hapo asubuhi kuamka ni shida. Kila mtu ako na jina ya benchi. Mosoti ni Daktari, kwa sababu lazima aweke sikio kwa injini kwanza kama anapima mgonjwa. Aron ni Moshi, juu ya ile pikipiki yake ya zamani, tustroki, ile inakunywa petroli imechanganywa na oili na kutoa moshi ya buluu mpaka wachumaji majani ya chai wanajua amepita bila hata kuinua kichwa. Siku hiyo Aron alikuwa ametoka kupeleka majani yake senta ya kupimia, pikipiki bado ina joto, kikombe ndio kinafika mdomoni, akaona Mzee Thuo anakuja na fimbo, polepole. Roho yake ikajua kabla ya masikio.

Mzee Thuo hakuzunguka. Alisalimia watu wote, akaketi, akanyoosha mguu wa nyonga mbaya.

— Moshi, nimekuja kuchukua bloku yangu.

Sasa hii maneno ya bloku lazima uisikie kutoka chini. Mzee Thuo ako na pikipiki ya magurudumu manne, ile wanaita kwodi, na hiyo pia ni tustroki. Injini yake na ya Aron ni kama mtu na ndugu yake. Mwaka jana mvua ikiwa kubwa, Aron alienda mpaka Kericho na petroli tupu, akasahau kuchanganya oili, bloku yake, ile nyumba ya chuma pistoni inapanda na kushuka ndani yake, ikakwaruzwa mpaka pistoni ikakwama. Wakati huo Mzee Thuo alikuwa ameanguka, nyonga imekataa, kwodi imelala kwa boma ikitagiwa mayai na kuku. Akasema, fundi, toa bloku na pistoni yangu umwekee Aron, majani yasiozee shambani. Daktari akahamisha, ikaingia kama imezaliwa hapo. Hakuna aliyeuliza ni mpaka lini. Jirani na jirani, nani anauliza?

Aron aliangalia ndani ya kikombe. Shamba yake iko chini kwa mteremko, njia ni ya mguu moja. Bila pikipiki, ni yeye na Chepchirchir bibi yake kupanda na magunia kwa mgongo, na Chepchirchir mgongo yenyewe ameanza kuilalamikia.

Daktari ndiye alianza kumtetea. Alisema hiyo bloku imezoea magurudumu mawili, ukiirudisha kwa manne itashangaa, inaweza hata kukataa kupumua. Jecinta akacheka mpaka mfuniko wa sufuria ukaanguka. Akasema yeye haelewi injini lakini anaelewa nyumba: kitu ikikaa kwa mtu mvua mbili, ikapikiwa, ikaoshwa, hiyo imeolewa, na mwenye kuitaka arudi aongee na wazee. Daktari akaona anapitwa na mama wa chai. Akaleta ingine: waunganishe pikipiki na kwodi na chuma, zikuwe gari moja ya magurudumu sita, bloku moja ivute zote, Mzee Thuo aketi kulia na Moshi kushoto.

— Na wakifika mahali barabara inagawanyika? Jecinta akauliza.

— Hapo watashauriana, Daktari akasema, na uso hauna hata tabasamu.

Mzee Thuo mwenyewe alicheka kidogo, lakini mkono haukutoka kwa fimbo. Aron akaona mzaha haitamfikisha. Akaleta maneno ya kwao.

— Mzee, sisi Wakipsigis tuko na kimanagan. Unampea rafiki ng'ombe wako amlishe. Ng'ombe ni wako, lakini maziwa ni yake. Si hii bloku ni hivyo? Mimi nakunywa maziwa tu.

Mzee Thuo alifikiria hiyo, akaipenda.

— Ni vizuri. Na mwenye ng'ombe akimtaka?

Aron alijua jibu, amelijua tangu akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Mwenye ng'ombe akija, anafunguliwa ng'ombe wake, na hakuna kuulizana. Amejifunga na kamba yake mwenyewe. Akatafuta mahali pa kutokea.

— Lakini ndama aliyezaliwa huko hubaki kuongewa, akasema. Zile ringi za pistoni ziliisha, nikaweka mpya. Ringi ni ndama. Ni zangu.

— Basi toa ndama yako, mimi niende na ng'ombe.

Daktari akakohoa. Aliwaambia bila hizo ringi bloku haina nguvu hata ya kuwasha, na ringi bila bloku ni bangili za mtoto. Kwa hivyo mzee angeenda na chuma, Aron angebaki na bangili. Kila mtu kwa benchi akapuliza chai ambayo ilishapoa.

Ndio Dorine akafika. Ni msichana mgeni, amekuja kuuza kwa duka ya dawa za ng'ombe hapo ng'ambo, hata jina ya benchi bado hajapewa. Alinunua chai, akasikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza kwa upole:

— Mzee, unataka kwenda wapi nayo?

Unajua hakuna mtu alikuwa amemuuliza? Maneno yote hayo. Daktari aliangalia Jecinta, Jecinta akaangalia sufuria. Aron, jirani yake miaka yote hiyo, pia hakuwa ameuliza.

Mzee Thuo akanyoosha fimbo kuelekea mteremko.

— Kule chini kwa mto. Shamba yangu ya majani ya huko chini. Tangu nianguke sijaiona. Wananiambia iko sawa. Kwa pikipiki yako siwezi kupanda, Moshi, mguu haupiti juu. Lakini hiyo kwodi yangu ni fupi na haiangushi mtu. Nataka kuona shamba na macho yangu, hiyo tu.

Aron aliweka kikombe chini. Akaingia kwa banda, akatoka na spana, akapiga magoti kando ya pikipiki yake na kuanza kulegeza nati za kichwa cha injini, moja baada ya ingine, vidole vinaungua kwa sababu chuma haikuwa imepoa.

Daktari alikuja kuchuchumaa karibu naye, akamuuliza kwa sauti ya chini, ringi azitoe aweke kando?

— Wacha ringi ndani, Aron akasema.