Milia na Mbuni Wakae Boma Moja: Risala ya Wafanyakazi wa Bustani ya Wanyama ya Rianyangate

Mgeni rasmi, Daktari Lorna Onyiego, daktari wa wanyamapori. Mwenye bustani, Mzee Nyangate. Mwalimu Bosire wa masomo yetu ya jioni. Majirani mliotoka Gesima, Keroka na hata Marani: Bwana asifiwe.

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa bustani hii tuna furaha ambayo tumeshindwa kuificha tangu alfajiri. Persis, anayelisha wanyama, amevaa nguo yake ya Sabato ingawa leo ni Jumatano, na tayari mbuni amemdonoa kifungo. Ulisema ungekuja kukagua boma jipya la pamoja, na umekuja. Mbuya mono, Daktari. Asante sana.

Aliyetumwa kusoma ni mimi, Damaris Mogaka. Wenzangu wamenichagua kwa sababu darasa la gumbaru limenifikisha mahali pa kusoma bila kufuatisha kidole. Nikikosea, aulizwe Mwalimu Bosire.

TULIKOTOKA

Wewe unaijua historia yetu, lakini majirani wengine hawaijui. Wanyama wetu waliumia au walipoteza mama zao huko mbugani, wakaletwa hapa. Walipozidi, tulikaa kikao kuamua nani akae na nani. Tuliomba kwanza. Kisha msimamizi wetu, Mzee Ogeto, ambaye pia ni shemasi, akafungua Maandiko palipo na sheria ya Musa juu ya wanyama safi na najisi.

"Kuro anacheua, na kwato zake zimepasuka," akasema. "Aende boma la juu. Pongo vilevile. Swala vilevile."

"Na pundamilia?" Persis akauliza.

"Kwato nzima. Boma la chini."

"Mbuni?"

"Huyo ametajwa kwa jina!"

"Na kobe je, Omogaka, mzee wetu?"

"Kobe hata usiniulize."

Ndivyo tulivyofanya, na tulifanya kwa moyo mweupe. Boma la juu tukaliita la Safi. Halafu kuro dume akaanza kutafuta jike. Alimfukuza pongo mpaka kwenye kona, akamchoma kwa pembe. Persis alipiga kelele kutoka langoni hadi wachuma chai wa ng'ambo wakasimama: "Ogeto! Njoo uone, watakatifu wako wanauana!"

Ulikuja na mvua, Daktari, ukamshona pongo juu ya meza yetu ya chai. Ulipomaliza ulinawa mikono ukasema, "Mzee, sheria ya Musa inahusu sufuria. Haihusu seng'enge." Mzee Ogeto alicheka kabla yetu sote, na mpaka leo anaisimulia kanisani.

Wakati huo wote boma la chini lilikuwa na amani. Pundamilia wetu Milia, mbuni wawili majike, kobe na kanga walikaa kama watu wa nyumba moja. Kanga walijikinga jua kwenye kivuli cha tumbo la Milia. Hata hivyo uliagiza, na ulikuwa na haki, kwamba kila aina ikae peke yake mpaka tujifunze. Tulitii.

TULIYOJIFUNZA

Na tumejifunza! Mwalimu Bosire aliligeuza somo la kusoma kuwa somo la wanyama, kwa vile vitabu ulivyotuachia. Jioni tunasoma kifungu kimoja kwa sauti, asubuhi tunakwenda kutazama kama wanyama wanakubaliana nacho.

Tumeelewa kwamba wanyama wanaofanana sana ndio hugombana zaidi, maana wanataka kitu kile kile. Pofu jike, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, na kanga hawana neno. Swala majike na korongo wanapatana, mradi korongo hana vifaranga. Kuro dume akae na majike wake, basi. Mbuni dume huwa mkali msimu wa mayai. Wetu ni majike. Pundamilia dume anaweza kumuua ndama wa swala. Milia ni jike, lakini hata yeye hatutamweka na ndama wa mtu. Habari ya simba na mwanakondoo tumemwachia Bwana na nchi mpya.

Boma jipya tumelijenga kwa elimu hiyo. Halina kona ya kumbana mnyonge. Chakula kinawekwa mahali mbalimbali ili asiwepo wa kukilinda chote. Kuna vibanda viwili vya kujikinga mvua, na kuna mwanya kati ya nguzo ambao kobe na kanga wanapita lakini Milia hawezi. Ukilitembelea utaona alama za vidole vyetu vyote.

YANAYOTUUMIZA

Ni Milia. Tangu atengwe anatembea kando ya seng'enge, kwenda na kurudi, hadi nyasi za pale zimekwisha kabisa. Bega lake limepukutika manyoya. Tunamkatia majani mabichi, anayanusa, anayaacha. Mbuni mkubwa, tunayemwita Mama Shingo, hulala upande wa pili wa waya, palepale Milia anaposimama.

Ulituandikia kwamba akizidi kukonda itabidi apelekwe hifadhi kubwa ya mbali yenye pundamilia wenzake. Tumelifikiria hilo kwa haki, kwa sababu pundamilia anahitaji pundamilia. Lakini aliletwa hapa akiwa hawezi kusimama, akasimama kati ya miguu ya mbuni. Hao ndio anaowajua.

Daktari, leo asubuhi tuliona lori lenye kizimba likipanda nyuma ya gari lako. Persis aliongeza maji kwenye chai. Mzee Ogeto alikwenda nyuma ya ghala la nyasi, akarudi na matope magotini.

OMBI LETU

Watu wengine wangekuomba tangi, bati na barabara. Hayo tutayaomba siku nyingine. Leo tuna moja tu.

Kati ya kibanda cha Milia na boma jipya kuna lango. Mama Shingo na wenzake wako ndani tayari. Hatukufunga utepe kwa sababu wangeumeza, lakini komeo tumelitia mafuta. Tunaomba ulifungue wewe, kwa mkono wako, kisha usimame nasi utazame mpaka uridhike. Ukiona teke, au ukiona mmoja anamfukuza mwenzake bila kumpa nafasi, sema. Tutamwongoza Milia sisi wenyewe mpaka kwenye lori, na hatutabishana nawe. Persis amekubali hivyo mbele ya wote, ingawa alikubali akiwa ametupa kisogo.

Na usipoona lolote, Daktari, lori lisirudi tupu. Tumekata mikungu ya ndizi, ipo kando ya njia chini ya turubai. Tumeshapima. Inajaza kizimba chote, hapabaki nafasi ya pundamilia.

Mungu aliyewaumba wanyama wa nchi kavu na sisi siku ile ile moja aubariki mkono wako, ule ulioshona na ule utakaofungua. Omonene agosesenie. Bwana akubariki.

Ni sisi,
Wafanyakazi na Wanafunzi wa Jioni,
Bustani ya Wanyama ya Rianyangate,
Gesima, Nyamira.