Fiona Gakii Mutwiri (1981–2025): Aliyetunza Kibanda cha Mama Mkwe

Marehemu Fiona Gakii Mutwiri alizaliwa tarehe 9 Mei 1981 huko Nkubu, Meru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Josphat Mutwiri na Bi. Joyce Kathure.

Alisoma shule ya msingi na ya upili palepale Nkubu, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi Chogoria, akahitimu mwaka 2004.

Mwaka 2008 alihamia Texas. Alianza kwa kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Mesquite huku akitafuta leseni. Kuanzia 2011 alikuwa muuguzi wa wodi ya moyo Fort Worth. Wenzake wanasema, kama zamu ilikuwa ya Fiona, hakuna mgonjwa aliyekata roho peke yake.

Huko ndiko alikokutana na Prasert Wongsa, fundi wa eksirei kutoka Thailand. Walifunga ndoa kanisani Cedar Hill tarehe 14 Juni 2014. Desemba ile Prasert alimpeleka kwao Udon Thani. Mama mkwe, Mama Samli, alimpeleka kwanza kwenye nguzo ya mji, gogo lililosimikwa na kuvikwa vitambaa, ili roho anayeulinda mji ajue kuna mgeni. Fiona alipewa karatasi nyepesi ya dhahabu aibandike. Feni ikaipeperusha, ikamgandia puani. Alirudi nyumbani na pua ya dhahabu, na Mama Samli akacheka hadi akaketi chini.

Mwaka 2018 Mama Samli, akiwa mjane, alihamia nyumbani kwa Fiona na Prasert, Mesquite. Walimsimikia uani kibanda cha roho mlinzi wa kiwanja, kijumba cha rangi juu ya nguzo moja. Kila asubuhi Mama aliweka hapo maji, wali na maua. Miguu yake ilipochoka, Fiona ndiye aliyepeleka. Maneno yakaanza kanisani, kwamba Fiona anaabudu mizimu na atapatwa na mabaya. Fiona akaondolewa kwenye uongozi wa kwaya. Alipoulizwa, alijibu, "Mimi namwomba Yesu. Haya maji ni ya Mama."

Februari mwaka huu alipatikana na saratani ya kongosho. Shangazi yetu Avelina alimfuata hospitalini akilia.

"Gakii, bomoa hicho kibanda upone."

"Shangazi, nikikibomoa, Mama atamsalimia nani asubuhi?"

Mwezi Juni, Fiona akiwa kwenye matibabu, mtu aliingia uani akakivunja kwa nyundo. Mama Samli alikuta vipande tu. Aliketi hapo juani, na siku zilizofuata akakataa chakula. Sisi ndugu tulitaka polisi waitwe. Fiona akatuzuia. "Msimtafute. Aliyefanya hivi alitaka nipone."

Wakati huo hakuweza hata kuketi. Prasert alimlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, wakaenda mpaka Houston, kwenye duka la Wathai, Fiona akachagua kibanda kingine yeye mwenyewe. Kiliposimama, Mama alikula.

Fiona hakupona. Alifariki nyumbani kwake Mesquite tarehe 11 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa Mama Samli, ambaye kwa miaka saba alielewana naye kwa maneno machache ya kuokoteza.

Wapo wanaosema kifo hiki kimethibitisha waliyoyanena. Wapo ambao hawakuja leo kwa sababu hiyo. Familia inasema tu kwamba dada yetu ameuawa na saratani.

Ameacha mume wake, Prasert. Binti yao wa miaka tisa, Malee Kathure. Mimi kaka yake, Kimathi, na dada yetu Loice. Ameacha pia mama wawili: Bi. Joyce, aliyenyimwa viza na anayetusikiliza kwa simu kutoka Nkubu, na Mama Samli, aliyeketi hapa mbele.

Bwana ampokee Gakii, na ampe pumziko ambalo hakuna mtu atakayeingia kulivunja.