Mwalimu Deodatha, Aliyepanda Ngazi Wengine Wakishuka

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika hapa Mabira kwa miguu na kwa bodaboda, mimi ni Yustus Kahigi, kaka wa marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha ya dada yangu, na mkiona nasita mnivumilie, kwa kuwa tangu wiki iliyopita sijui vizuri kama niko macho au naota.

Deodatha Kahigi alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Septemba 1986, asubuhi ya ukungu mzito, hata mkunga akaipita nyumba yetu akaenda kuulizia njia kwa jirani, naye mtoto hakumngoja. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari huko Karagwe, akahitimu ualimu mjini Bukoba mwaka 2009. Mwaka uliofuata aliajiriwa kufundisha Jiografia Rubwera, ambako alikuwa akifumba macho mbele ya ubao akiieleza mito, na wanafunzi wake wanasema walihisi viatu vinalowa.

Tarehe 14 Desemba 2013 alifunga ndoa na Fidele Nsanzimana, dereva wa lori la kahawa aliyefahamiana naye Omurushaka, ambaye wazee wetu walimhoji sana kuhusu asili yake ya Burundi, akawajibu yote kwa Kinyambo kizuri kuliko changu. Walijaliwa watoto wawili, Nikuze mwaka 2015 na Edgar mwaka 2019, na kazi ya Fidele ikawahamishia Dar es Salaam, wakapanga ghorofa ya nne katika jengo la ghorofa tisa.

Jumapili tarehe 8 Juni 2025, alasiri, moto ulizuka ghorofa ya tano, wakashuka wote wanne salama, wakasimama uani na majirani wakitazama moshi. Ndipo kutoka juu ikasikika enduru. Jijini yowe la namna ile hudhaniwa kuwa kilio tu, lakini sisi tunajua kwamba enduru ni mwito, anayeisikia huacha hata chungu mekoni akakimbilia inakotoka, na asiyekwenda huulizwa na kijiji kizima. Aliyeipiga alikuwa Vero, binti wa Rubwera aliyekuwa akilea mtoto wa watu ghorofa ya saba, na geti la ngazi pale lilikuwa limefungwa kwa nje kwa kuogopa wezi. Deodatha alimkabidhi Fidele mkono wa Edgar, akapanda kwa ngazi za nyuma, akalivunja kufuli kwa mchi wa kinu alioukuta koridoni, watu wakateremka, yeye akabaki nyuma akiwasaidia wazee, moshi ukamjaa kifuani. Majirani watatu wa ghorofa ya tano walifariki siku hiyo, nao tunawaombea.

Hospitalini aliishi nusu huku nusu kule, pazia jeupe la wodi aliliita ukungu wa Mabira, akawaamkia wauguzi kama shangazi zake na kuwauliza kama kahawa imechanua. Fidele alipomuuliza kwa nini alipanda, alilishangaa swali, akasema, "Si niliitwa?" Alifariki Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, alfajiri.

Tangu moto ule wakaguzi wameagiza mageti ya ngazi katika majengo ya jirani yafunguke bila ufunguo, kila ghorofa iwe na kengele, na ukutani wamebandika kwamba aliyekwisha kutoka asirudi kwa sababu yoyote. Ni sheria njema, wenye watoto mijini waambieni waifuate, ingawa dada yangu angeisoma, angeisifu, halafu angeivunja.

Shemeji Fidele, nimesikia minong'ono hapa msibani kwamba ulimwachia mkeo apande, na ukoo umenituma niseme wazi mbele ya jeneza kwamba hatuna lawama nawe, yeye aliitwa, wewe ulikabidhiwa watoto, na kila mmoja alifanya lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa jengo lile, walimu na madereva waliotusindikiza, na Vero aliyesafiri nasi.

Ombi moja limebaki. Tutakaposhusha jeneza lieni mnavyoweza, ila asiwepo wa kupiga enduru, maana akiisikia atainuka aje, naye amechoka. Pumzika kwa amani, dada, hakuna anayekuita.