Gunia Kwenye Kiti cha Mama Esta

Kijiwe chetu kiko Ilula, kando ya lami, mkabala na akina mama wanaopanga nyanya kwenye ndoo wakisubiri mabasi yasimame. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi bovu, sponji na springi zimetokeza, na anayewahi ndiye anayekalia upande usiochoma. Mimi ni Amos, muuza kahawa. Sikai, nazunguka na birika, ndiyo maana kila upuuzi unaosemwa hapa naupata mzimamzima. Watu wanasema nina hasira. Ninayo, sikatai. Ungewahudumia Shafti, Besi na Yutubu kila siku ya Mungu, na wewe ungekuwa nayo.

Shafti jina lake ni Sosthenes. Zamani alikuwa utingo kwenye malori ya Tunduma, basi anajiona yeye ndiye aliyeyatengeneza. Besi ni Aroni, anaimba kwaya ya Kilutheri, na hata akinong'ona anasikika stendi. Yutubu ni kijana Gideoni, ambaye kila kitu ameshakiona kwenye simu na hakuna hata kimoja alichokishika kwa mkono.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kalinga akaja na pikapu yake kuukuu, matope mpaka kwenye vioo, akaiegesha mbele yetu. Akashuka, akatusalimu Kihehe, "kamwene", bila kumwangalia mtu, akakaa upande unaochoma wala hakusikia.

Besi: Vipi Baba Esta, umefiwa?

Kalinga: Bora ningefiwa. Nyanya zote zimeshachumwa, ziko kwenye matenga kule bondeni. Mama Esta amelala nazo shambani. Fuso la mnunuzi wa Dar linapakia hapa hapa Ilula na jioni linaondoka. Na hili gari tangu jana limegoma kupita kwenye lile tope!

Shafti: Umeweka fowili, matairi yote manne yavute?

Kalinga: Nimeweka. Gia inaingia, naisikia kabisa. Matairi ya nyuma yanazunguka, yanarusha tope. Ya mbele yametulia tu, yanaangalia.

Shafti: Yanaangalia nini?

Kalinga: Nenda kayaulize!

Shafti akaweka kikombe changu chini kwenye tope, jambo ambalo nimemkataza mara mia, akaingia uvunguni mwa gari. Tukasikia anagonga huku na anagonga kule. Akatoka na grisi kwenye paji la uso.

Shafti: Propela ya mbele, mtaimbo wa kuzungusha matairi, nzima. Krosi nzima. Difu kavu, gia zake hazivujishi mafuta. Huu si ugonjwa, huu ni uvivu.

Kalinga: Uvivu wa nani?

Shafti: Wa matairi ya mbele! Yanategea. Yanajua ya nyuma yapo, yatafanya kazi. Sasa dawa yake ni moja: toa propela ya nyuma. Ya mbele yakibaki peke yake, yatavuta yapende yasipende.

Yutubu: Ushamba huo. Siku hizi watu wanageuza difu. Unalitoa, unalifunga juu chini, nguvu inakuwa mara mbili. Nimeona.

Shafti: Ukiligeuza difu, gia za kwenda mbele zote zinakuwa rivasi, we mtoto!

Yutubu: Na rivasi inakuwa ya kwenda mbele. Si bado anayo moja?

Besi: Kwa hiyo Kalinga akitaka kwenda Iringa mjini, aende kinyumenyume?

Yutubu: Kinyumenyume, lakini na nguvu.

Besi: Trafiki akimsimamisha ataandika anakwenda au anarudi?

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kwenye kiatu. Kalinga hakucheka. Alikuwa anaangalia mawingu upande wa bondeni, na midomo yake ilikuwa mikavu. Nilimwonea huruma, nikamjazia kikombe kabla hajaomba.

Yutubu akasema basi tuachane na difu, kuna jamaa huko Usangu kwenye mpunga amefunga gia boksi ya pawatila, yale matrekta ya kusukuma kwa mkono, nyuma ya gia boksi ya gari, sasa anapanda hata ukuta.

Kalinga: Pawatila naipata wapi kabla ya jioni?

Yutubu: Mimi nakupa wazo, bro. Vifaa ni juu yako.

Wakati huo Besi alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la mbele, kikombe mkononi.

Besi: Na hiki kiduara hapa katikati ya tairi? Kinazunguka kwa mkono. Kimeandikwa FREE. Pembeni kuna LOCK.

Yutubu: Usiguse! LOCK ni kufunga. Ukilifunga tairi litazungukaje?

Besi: Na FREE?

Shafti: Fri ni bure. Ofa hiyo. Ukinunua gari walikuwa wanakupa na kifuniko.

Besi: Mimi najua fri ni huru.

Yutubu: Bure, huru, vyote ni heri. Kiko kwenye heri, kiache hapohapo.

Kalinga: Halafu hicho hakihusiki kabisa. Tangu ninunue hili gari sijawahi kukigusa hata siku moja, na tope lote hili limekuwa likipanda. Tena linapandaga bila shida.

Shafti: Linapandaga vipi? Hebu eleza vizuri, kama unamweleza daktari.

Kalinga: Ah, kawaida tu. Tukifika kwenye utelezi nasimama. Mama Esta anashukaga, anapitapita pale mbele, anaangalia njia, anapunguza uzito. Mimi naweka fowili, tunapanda. Yeye anatukuta kule juu.

Besi akasimama polepole. Nikajua sasa tumekwisha, maana akisimama hivyo kanisani ni solo.

Besi: Na jana Mama Esta alikuwepo?

Kalinga: Si nimesema yuko shambani.

Besi: Basi hapo ndipo penye tatizo. Gari limemzoea mkeo.

Shafti: Toka hapa!

Besi: Sikiliza. Kila siku linabeba mtu wa uzito fulani upande wa kushoto, likifika kwenye tope uzito unashuka, lenyewe linapata nafuu, linapanda. Jana hakuna aliyeshuka. Gari likasubiri nafuu, halikuiona. Lingepandaje?

Ningekuwa mtu wa kubishana ningebisha. Lakini Kalinga alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kalinga: Sasa nifanyeje?

Besi: Mimi nina mahindi yangu pale, nayapeleka mashineni. Weka gunia kwenye kiti chake. Ukifika kwenye tope, unalishusha. Unapanda. Halafu unarudi kulichukua.

Kalinga: Gunia zima au nusu?

Kuna maswali ambayo mwanaume akimuuliza mwanaume mwenzake kuhusu mkewe, unaangalia lami tu.

Kalinga: Basi weka zima. Punguza kidogo. Hapana, acha hivyohivyo.

Wakalibeba wawili, wakaliketisha, wakalifunga mkanda. Khanga ya Mama Esta ilikuwa imeachwa kwenye kiti, Besi akalifunika nayo gunia mabegani, ati gari lisishtuke. Shafti naye, kwa kuwa hakukubali kushindwa na mwimbaji, alikuwa amesharudi uvunguni na spana. Tukasikia kishindo. Propela ya nyuma ilikuwa imelala chini.

Ndipo bodaboda ikasimama, na aliyeshuka ni Verediana, Mama Esta mwenyewe. Tope mpaka mapajani, gambuti kazishika mkononi, macho mekundu ya kukosa usingizi.

Mama Esta: Kamwene jamani.

Tukaitika wote, wengine mara mbili.

Kalinga: Mama Esta! Nyanya vipi?

Mama Esta: Nimezifunika majani, Happy wa jirani anazilinda. Nilikusubiri jana nikachoka, leo nikasema labda umepinduka, nije nichukue maiti. Kumbe unakunywa kahawa.

Kalinga: Gari limegoma, mke wangu. Fowili haishiki.

Mama Esta: Na hicho chuma hapo chini?

Kalinga: Propela.

Mama Esta: Inafanya nini chini?

Shafti: Inapumzika, shemeji.

Mama Esta alienda mbele ya gari, akainama kwenye tairi, akasimama tena, akamwangalia mumewe.

Mama Esta: Jana ulipofika kwenye tope, nani alishuka?

Besi akanigonga na kiwiko. Mimi! Kana kwamba alikuwa amevumbua kitu.

Kalinga: Hakuna. Nilikuwa peke yangu.

Mama Esta: Basi hakuna aliyefanya hivi.

Akashika kile kiduara, akakizungusha mpaka kwenye LOCK. Akaenda upande wa pili, akazungusha na kile kingine. Akajifuta mikono kwenye tope lake mwenyewe.

Yutubu: Lakini shemeji, LOCK si ni kufunga? Tairi halitajifunga?

Mama Esta: Linajifunga na gari, vinaenda pamoja. Likiwa FREE linaenda kivyake, hata uweke fowili mia. Yule mzee wa Mbeya aliyetuuzia ndiye alinionyesha.

Kalinga: Alikuonyesha lini? Mimi nilikuwa wapi?

Mama Esta: Ulikuwa ndani, unajaribu redio.

Kalinga: Na siku zote hizi, kila tope, ulikuwa unashuka kufanya hivyo? Na mvua ile?

Mama Esta: Na juu kule navirudisha. Wewe ulidhani nashuka kufanya nini, kukupungia mkono?

Sijawahi kumwona mtu mzima ameona haya kiasi kile. "Pole, mama," Kalinga alisema, taratibu, mpaka Besi mwenyewe akashusha sauti asubuhi nzima iliyobaki.

Mama Esta: Pole yako naipokea. Rudisheni hicho chuma, jua linakwenda.

Shafti alifunga propela kwa spidi ambayo hata Tunduma hawakuwahi kuiona. Mama Esta akazunguka upande wa kushoto ili apande. Akafungua mlango, akasimama.

Gunia limekaa. Mkanda limefunga. Khanga yake mabegani.

Mama Esta: Baba Esta.

Kalinga: Naam.

Mama Esta: Huyu ni nani?

Yutubu akatoa simu, akajifanya anapigiwa. Shafti akarudi uvunguni kukaza nati ambayo alikwisha kuikaza. Besi, mwenye mahindi na mwenye wazo, alininyooshea kikombe, akaomba nimwongezee.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Na kweli ilikuwa imekwisha, lakini hata ingekuwepo nisingempa.

Alasiri pikapu ilipita kwenda kwenye Fuso, imejaa matenga mpaka yamefungwa kamba. Mama Esta amekaa kushoto, miguu imeoshwa, amevaa sandali kavu. Kalinga anaendesha, tope limemfika kifuani. Hatukumuuliza leo nani alishuka.

Gunia hatukuliona. Mama Esta alilipeleka nyumbani kwake, na mpaka leo liko huko. Mke wa Besi anauliza mahindi yake kila asubuhi, na Besi anamjibu kwamba mashine ni mbovu, maana akienda kuyadai itabidi aeleze yalifungwa mkanda kwa sababu gani.